Fundi, Uliza Kabla ya Kufuta

Kuna sentensi moja iliyozoeleka sana katika vibanda vya kutengeneza simu hapa Kampala: "Hii tuiriseti tu, itakuwa kama mpya." Simu ikiwa nzito, dawa ni kuriseti. Mteja akisahau namba ya siri, dawa ni kuriseti. Programu moja ikikataa kufunguka, dawa ni ile ile. Mimi nasema kwamba fundi anayefanya hivyo bila kumwuliza mteja kama amehifadhi nakala ya vitu vyake hatengenezi simu. Anaharibu mali ya mtu, kisha anadai malipo.

Jibu la mafundi nalijua: "Kuhifadhi ni kazi ya mwenye simu. Mbona hakuhifadhi?" Linalonisikitisha zaidi ni kwamba jibu hilo nimelisikia pia kwa wanafunzi wenzangu, watu waliosoma, wakilitoa kwa dharau. Insha hii ni ya kulipinga.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kwa Kiswahili tunasema kurejesha simu katika hali ya kiwandani. Kurejesha ni neno zuri. Ukimrejeshea mtu kitabu chake, amepata kitu. Mteja anayeambiwa kwamba simu "itarejeshwa" hana sababu ya kuogopa. Anadhani atarudishiwa simu yake kama ilivyokuwa kabla haijaharibika. Kumbe anayerejeshewa ni kiwanda, si yeye. Simu inarudi kuwa kama siku ile ilipotoka kwenye boksi, kabla haijamjua mwenyewe. Picha, namba za watu, ujumbe, sauti na mipangilio yote vinaondoka. Kitendo hicho jina lake ni kufuta. Fundi anayetaka kusema kweli aseme: "Nitafuta kila kitu. Unakubali?"

Wengine husema hizo ni data tu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikusanya masimulizi ya bibi yake huko Hoima kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi. Alimrekodi kwa simu, jioni baada ya jioni. Bibi alifariki kabla ya muhula kwisha. Baadaye simu ikawa nzito, akaipeleka kwa fundi, na baada ya nusu saa akarudishiwa simu nyepesi isiyo na kitu ndani. Fundi alimwambia, "Mbona hukusema kwamba kuna vitu muhimu?" Lakini nani alimwuliza? Hadithi zinaweza kusimuliwa na mtu mwingine. Sauti ile haiwezi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa tuiangalie hoja kwamba mwenye simu ndiye mzembe. Simu za Android zina njia ya kuhifadhi nakala zenyewe, ni kweli. Lakini kwa kawaida njia hiyo husubiri simu iwe kwenye chaji, isiwe inatumika, na iwe imeunganishwa na Waifai. Ni wangapi kati yetu wenye Waifai nyumbani? Wengi tunanunua bando la siku, na bando lenyewe lina kodi. Mwaka 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Anayehesabu kila megabaiti hawezi kulaumiwa kwa kutotuma video zake kwenye mtandao.

Hata aliye na bando ana mpaka. Akaunti ya Google inatoa nafasi ya bure ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Tangu Juni 2021 kila picha mpya inayopelekwa huko inahesabiwa. Nakala za WhatsApp, ambazo zamani hazikuhesabiwa kwenye simu za Android, siku hizi nazo zinahesabiwa. Nafasi ikijaa, nakala mpya haziingii, na mwenye simu anaweza kukaa miezi mingi akiamini kwamba yuko salama.

Tena akaunti yenyewe mara nyingi hakuifungua yeye. Aliifunguliwa na muuza simu siku ile ya kununua, na hajui anwani wala nywila yake. Hapo anapata hasara mbili. Kwanza, nakala zikiwapo, hana mlango wa kuzifikia. Pili, tangu toleo la Android 5.1 la mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni badala ya kupitia mipangilio, haziwaki kikamilifu mpaka iingizwe akaunti iliyokuwamo. Kwa hiyo fundi anaweza kufuta simu, kisha mwenye simu akafungiwa nje ya simu yake mwenyewe na kulipa mara ya pili ili ifunguliwe.

Fundi anayajua haya yote. Mama muuza nyanya hayajui. Wajibu humfuata anayejua. Ukimpelekea fundi cherehani gauni alifupishe, hukupima na kukuuliza, "Nikate hapa?" kabla ya kushika mkasi, kwa sababu anajua kitambaa kikishakatwa hakirudi. Hatumwambii mteja kwamba alipaswa kusomea ushonaji kwanza. Kwa nini fundi simu asiulize?

Najua wanasema hawana muda, wateja ni wengi. Maswali yenyewe ni machache. Namba za watu zimehifadhiwa wapi: kwenye laini, kwenye akaunti, au kwenye simu? Zikiwa kwenye simu, zinatolewa zote kuwa faili moja dogo ambalo linawekwa mahali pengine. WhatsApp ina nakala ya lini? Kama hakuna bando, faili la nakala lililomo ndani ya simu linaweza kunakiliwa kwenye kompyuta. Mteja atahitaji namba yake ile ile ili kulirudisha. Picha na sauti zinahamishwa kwa waya, bila hata megabaiti moja, na kompyuta mara nyingi iko pale pale mezani kwa fundi. Nywila ya akaunti unaijua? Kadi ya kumbukumbu imewekwaje? Kadi ya kawaida inachomolewa tu, lakini iliyounganishwa kuwa sehemu ya ndani ya simu haitasomeka tena baada ya simu kufutwa. Pesa za simu hazimo ndani ya simu, zimo kwenye akaunti ya namba yako. Ujumbe unaothibitisha kwamba ulimlipa fulani ndio unaopotea. Programu nazo zinaweza kupakuliwa tena. Hasara ni kile kilichokuwa ndani yake.

Kuna pingamizi mbili ninazoziheshimu. Moja ni kwamba simu nyingine zimeharibika kiasi kwamba hakuna kinachoweza kunakiliwa. Sawa, basi mteja aambiwe hivyo, achague mwenyewe. Huenda akaona ni afadhali kukaa na simu iliyokufa hadi apate fundi mwingine kuliko kupata simu hai isiyo na sauti ya bibi yake. Pingamizi la pili ni siri za watu: fundi anayenakili picha anaweza kuziona. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hiyo ifanyike mteja akiwa amekaa pale, kwenye kadi yake mwenyewe, na kisichohitajika kifutwe kwenye kompyuta mbele ya macho yake.

Ninachodai si sheria ya bunge. Nadai kibao kimoja katika kila kibanda, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kinachosema: "Hatufuti simu kabla ya kukuuliza." Nasi wateja, tusiachie simu mkononi mwa fundi ambaye hajauliza. Akifuta bila ruhusa, tusimlipe. Na tunaosoma, tuache kuwacheka walioibiwa kumbukumbu zao. Badala yake, tukienda nyumbani likizo hii, tuchukue simu za wazazi wetu, tuwaulize namba zao zimehifadhiwa wapi, na tuwaandikie nywila zao kwenye karatasi watakayoifungia kabatini.