UTULIVU WA MOYO SI MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi tunasikia mahubiri mapya kazini. Tunaambiwa mfanyakazi akitaka amani aishi katika saa aliyo nayo, avute pumzi polepole, ashukuru kwa alicho nacho, asiwaze ya jana wala ya kesho. Baadhi ya wenzetu chamani wanayacheka maneno hayo, wanasema ni dawa ya kumlaza mnyonge. Sisi tunasema tuyapime kwanza, maana ndani yake mna kweli na mna mtego.

Kweli ni hii. Mfanyakazi ambaye mwili wake uko kwenye mashine na akili yake iko kwenye deni la dukani, hayupo mahali popote. Mkono unaingia kwenye mkanda kabla macho hayajaona. Mchuma chai naye anajua: majani mawili na chipukizi hayachumwi na mtu anayeota. Jioni nyumbani mtoto anamsemesha baba, baba hasikii, kwa kuwa moyoni bado anagombana na msimamizi. Msimamizi mwenyewe amelala kwake! Sisi ndio tumembeba usiku kucha, tena bila malipo ya saa za ziada. Kumtua ni faida yetu, si ya tajiri.

Mtego wa kwanza ni kuambiwa tusahau. Hapa Kicukiro neno hilo halina mahali. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO. Zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia pale waliachwa mikononi mwa wauaji, na wengi waliswagwa hadi Nyanza wakauawa. Mwenzetu aliyepoteza watu wake hatumwambii aiache jana. Kila Aprili tunakaa naye tukikumbuka, bila kutazama saa. Kukaa naye hivyo ndiko kuwapo kwenyewe.

Mtego wa pili ni kulipwa utulivu badala ya fedha. Shukrani haijazi sufuria. Tena kutulia si kunyamaza. Aliyetulia huisoma karatasi yake ya mshahara mstari kwa mstari. Aliyefadhaika hutia sahihi asichokisoma.

Na utulivu unahitaji wakati, na wakati huo haukuletwa na mahubiri. Mwezi Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Hapa Rwanda sheria ya kazi ya mwaka 2018 iliweka saa 45 kwa juma, na marekebisho ya mwaka 2023 yakazishusha hadi 40. Saa hizo 5 ni mali yetu. Anayezijaza kwa kibarua cha pili kwa sababu mshahara hautoshi hatumlaumu. Huyo ndiye tunayemdaia nyongeza. Lakini anayezimaliza kwenye pombe na simu amezitupa mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri haya. Kabla ya kuwasha mashine, simama kwa pumzi tatu: tazama mikono yako, tazama kinga ya mashine, mtazame mwenzako. Wakati wa chakula, kula, usigombane na asiyekuwapo. Zamu ikiisha, mtue msimamizi getini. Na siku ya mkutano wa tawi, njoo na mwili na akili pamoja.

Utajiri wa moyo tutautunza wenyewe, kila mtu kwa wake. Mshahara na saa za kupumzika tutavidai pamoja.

Umoja ni nguvu!