Tumtunze Mzee Askari Kabla ya Matanga

Ndugu zangu wa Mumosho na wa Bukavu yote, leo sina maneno laini. Kuna desturi imeota mizizi kwetu, nayo inaniudhi kila ninapokwenda matangani. Mzee aliyekuwa askari anamaliza miaka yake ya mwisho akitazama ukuta, hakuna anayemuuliza habari, na siku anapokata roho ndipo tunagundua kwamba alikuwa shujaa. Jeneza la bei linanunuliwa, fulana zinachapwa sura yake, vitenge vya sare vinakatwa, pombe ya kasiksi inamiminwa hadi alfajiri. Pesa ya dawa ya presha ilikosekana mwezi mzima. Ya jeneza imepatikana kwa siku mbili. Ilikuwa imefichwa wapi?

Najua sisi watu wa Kivu hatukosi adabu kwa wazee. Kijana wetu hapiti mbele ya mzee bila kumsalimu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Amri ya Nne haikuishia kwenye salamu ya njiani. Kuheshimu baba ni kumlisha, kumtibu na kumsikiliza angali ana masikio ya kusikia sifa zake. Penye wazee haliharibiki neno, twasema. Na wazee wenyewe tumewaacha waharibike kwa upweke.

Mwulize kijana anayepita kila siku mbele ya Camp Saio: Saio ni nini? Atakujibu ni kambi, basi. Saio ni mahali huko Ethiopia, na pale, Julai 1941, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, watoto wa Kongo, walimlazimisha Jenerali Gazzera wa Italia kusalimu amri pamoja na majenerali wenzake. Walikuwa wamepitia Sudan, wakapigana Asosa na Gambela, nao Wabelgiji huko Ulaya walikuwa wamekwisha kuangukia mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940. Kabla yao, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la kamanda Olsen lilivuka Ruzizi hii hii yetu kuelekea Usumbura, na Septemba ya mwaka huo Force Publique ikaingia Tabora. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile, nani kati yetu anajua hata jina la mmoja?

Tarehe 8 Juni 2022 huko Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetumwa vitani hadi Burma. Nilifurahi kwa ajili yake, na palepale nikakasirika. Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha mwaka 1945! Wenzake wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa kimya kimya? Fadhila za punda ni mateke. Lakini tusimnyooshee kidole Mbelgiji peke yake. Agosti 1964 Bukavu iliposhambuliwa na waasi, walikuwepo askari waliosimama na kamanda wao Léonard Mulamba hadi mji ukapona. Mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Schramme waliukalia mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na vijana wa Kongo wakapigana kuwatoa. Vijana wale, kama wako hai, leo ni wazee wa miaka themanini. Je, nao tunangoja wafike 100? Tunangoja mfalme wa wapi aje kuwatukuza?

Tena tunapowasifu, tunasifu nusu. Msemaji wa matanga atataja cheo, kikosi na kambi alizopita marehemu, kisha ataketi. Ulezi wake hautajwi. Kornelio wa Kaisaria alikuwa akida wa jeshi, na Matendo ya Mitume yanamkumbuka kwa sala, kwa sadaka, na kwa kumcha Mungu pamoja na nyumba yake yote. Sisi tuna akina Kornelio wetu: baba aliyelea watoto katika chumba kimoja cha kambi, mshahara ukichelewa, akapunguza sahani yake mwenyewe ili karo ya shule ilipwe. Tuliona mwaka 1991 na 1993 askari waliokosa mshahara wa maana wakipora miji, na tangu hapo tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hapana! Askari aliyerudi kwake mikono mitupu siku zile, kwa kuwa hakutaka wanawe wale kitu cha wizi, alishinda vita vikubwa kuliko vya bunduki. Mwanawe asiitwe mtoto wa mwizi shuleni.

Na kwa kuwa nimeshataja wasemaji wa matanga, siwezi kunyamaza kuhusu waheshimiwa wanaofika na gunia la mchele na mpiga picha. Hawakumjua marehemu. Wanashika kipaza sauti, wanajisifu kwa nusu saa, mjane amekaa juani akingoja padri aanze. Sisi tunawapigia makofi! Waheshimiwa, kama mnampenda askari, fuatilieni karatasi za pensheni yake angali hai, na za mjane wake baada yake. Mchele pelekeni siku ya kawaida, mpiga picha abaki nyumbani.

Vijana wa Mumosho, ninyi ni wasomi kuliko sisi, kalamu hamkosi na simu zenu zinarekodi sauti. Jumapili hii baada ya Misa kaeni na mzee askari wa mtaa wenu. Mwulizeni alipigana wapi, alimwoa mama mwaka gani, watoto aliwalisha nini mshahara ulipokwama. Mama naye mwulizeni, msimpite kama kiti: baba alipokuwa kambini nani alilima muhogo na maharagwe, nani alipeleka watoto kwa mganga usiku? Andikeni majina yao wote wawili, na nakala moja mpeni padri aitunze parokiani.