Nguzo nne na mabati, kibali kama cha ghorofa?

Wadau, leo naongelea kibanda cha gari. Ndiyo, hicho hicho: nguzo nne za bomba, mabati kadhaa juu, fundi wa kuchomelea anamaliza kwa siku mbili. Msicheke.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kinakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mpango bila idhini. Kifungu chenyewe hakitofautishi ghorofa na kivuli cha Vitz. Kwa hiyo mwenye kiwanja Nyasho au Bweri, hapa Musoma, atafute michoro, nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi, halafu asubiri. Nani anamlipa mchoraji ramani kwa ajili ya kibanda? Nionyesheni mmoja! Watu wanajenga kimya kimya wikiendi. Matokeo yake mtaa mzima una kosa, na anayepita na daftari anajichagulia wa kumbana. Hapo ndipo chai inapochemkia.

Sheria ya kabla ya hiyo ilikuwa ya mkoloni, ya mwaka 1956. Lakini huko Uingereza kwenyewe leo, kibanda cha gari kilicho wazi angalau pande mbili na kisichozidi mita za mraba 30 hakibanwi na kanuni za ujenzi. Wenzetu walishautua mzigo, sisi bado tunao kichwani.

Sisemi kila mtu ajenge atakavyo. Bunda barabara kuu inapita mjini, na Sheria ya Barabara ya 2007 inataka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiweka nguzo humo, ukipakwa X usinililie. Na upepo wa ziwa mnaujua: bati lililofungwa ovyo linahamia kwa jirani. Basi kaguliwe hayo, yaani umbali, uimara wa nguzo na maji ya paa yanakomwagikia.

Kichekesho kiko Butiama. Kwenye ardhi ya kijiji ambayo haijatangazwa kuwa eneo la mpango, kifungu kile hakikugusi kabisa. Bati lile lile, fundi yule yule. Huku mkosaji, kule raia mwema.

Idhini yenyewe inatolewa na halmashauri. Waheshimiwa madiwani wa Musoma na Bunda, fomu ya ukurasa mmoja, ada ndogo na jibu ndani ya siku saba vinawashinda nini?