Tamko Kuhusu Matumizi ya Uhalisia Pepe Katika Magofu na Miji ya Kale ya Mwambao

Sisi, wanachama wa chama cha waongoza watalii na walimu wa historia wa mwambao wa Afrika Mashariki, baada ya kulijadili kwa kina suala la teknolojia za uhalisia pepe na matumizi yake katika maeneo ya kale, tunautangazia umma na mamlaka zinazohusika kama ifuatavyo:

1. Kwamba teknolojia hizi ni za namna tatu. Uhalisia pepe humziba mtu macho kwa miwani maalumu na kumtia katika mahali palipoundwa na kompyuta. Uhalisia ulioongezwa humwacha palepale alipo, ila humwekea picha au maandishi juu ya kile anachokitazama, aghalabu kupitia simu ya mkononi. Uhalisia mseto huviunganisha viwili hivyo, hata kitu cha picha kikakaa juu ya meza ya kweli na kuitikia mkono wa mtu.

2. Kwamba jambo hili halikuzuka jana. Mnamo 1968, nchini Marekani, mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland na wanafunzi wake walionesha kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichoshikiliwa na mtambo ulioning'inizwa darini. Leo kifaa cha aina hiyo huvaliwa kama kofia, na madaktari wa upasuaji hukitumia kufanya mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa.

3. Kwamba katika fani yetu manufaa ni dhahiri. Mgeni anayesimama ukingoni mwa bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, huona mawe makavu tu. Kwa simu iliyoandaliwa, anaweza kuoneshwa maji yakijaa na kuta zikiinuka. Mwanafunzi wa Tabora asiye na nauli ya kufika Kilwa anaweza kutembezwa katika Msikiti Mkuu akiwa darasani kwake.

4. Kwamba picha hizo hutokana na vipimo. Mashine ya leza husimamishwa juu ya miguu mitatu, ikarusha mwali. Mwali hugonga jiwe na kurudi, na kwa muda uliotumika kwenda na kurudi umbali hujulikana. Hufanya hivyo mara mamilioni, hadi ufa wa chokaa ukaonekana. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umekwisha kupima majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa njia hiyo.

5. Kwamba miwani nayo humpima anayeivaa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2020, mienendo ya kichwa na mikono iliyorekodiwa kwa muda usiozidi dakika 5 iliwezesha kompyuta kumtambua mtu miongoni mwa watu 511, kwa usahihi wa asilimia 95.

Kwa kuzingatia hayo, msimamo wetu ni huu:

6. Katika mwambao, hata mlango ukiwa wazi, mgeni hupiga hodi na kungoja karibu. Kupima nyumba ni kuingia ndani yake. Kwa hiyo kibali cha serikali, ijapokuwa ni cha lazima, hakiondoi wajibu wa kuwaomba ridhaa wakazi wa mtaa na walinzi wa msikiti au kaburi husika.

7. Nakala kamili ya vipimo ibaki nchini, mahali ambapo mwalimu na fundi wa hapa wanaweza kuipata bila kuinunua.

8. Paa lililokadiriwa lisioneshwe kama paa linalojulikana. Mtazamaji ana haki ya kuambiwa ni wapi ushahidi unakoma na makisio yanaanza.

9. Taarifa za mwili wa mgeni, na hasa za mtoto, zilindwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022.

10. Picha haiwi badala ya ukarabati. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na roho za watu zikapotea. Vipimo vilivyochukuliwa mapema humsaidia fundi kurudisha kilichoanguka. Havizuii boriti kuoza. Fedha za chokaa, mawe na mafundi zisipunguzwe kwa hoja kwamba jengo limekwisha kuhifadhiwa katika kompyuta.

Hivyo basi, tumeazimia:

11. Kwamba hakuna mwanachama wetu atakayemwongoza mpimaji asiye na kibali, au mwenye kibali ambaye hajapiga hodi kwa wenyeji.

12. Kwamba tutawafundisha wanachama kuvitumia vifaa hivi, ili anayemsimulia mgeni habari za Kilwa, Lamu au Mji Mkongwe aendelee kuwa mtu anayeweza kuulizwa swali na kulijibu.

13. Kwamba tuko tayari kukaa na mamlaka za mambo ya kale, vyuo na makampuni kuandaa mwongozo wa pamoja. Hadi mwongozo huo utakapopatikana, aya ya 6 hadi ya 10 ndizo masharti yetu.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.