Mwanamuziki Si wa Gwaride Peke Yake

Hivi karibuni tulipita Bugarama, katika barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge, tukamkuta mzee mmoja mstaafu wa jeshi akipima ndagala. Kwa miaka mingi alipiga tarumbeta katika bendi ya kikosi. Tangu aache utumishi ameomba mara tatu kazi ya kutunza ghala, na kila mara aliyesoma cheti chake alicheka, akamwuliza kama anakusudia kuwapigia panya muziki. Mbele ya neno kazi, cheti hicho kina neno moja tu: mwanamuziki.

Aibu hiyo si yake. Ni yetu sisi tuvaao sare, maana vyeti hivyo huandikwa kambini.

Ndugu askari na polisi, mzee huyu ndiye aliyeshika daftari la ala za bendi. Alizitoa asubuhi, akazihesabu jioni, akajua ipi imepinda na ipi inahitaji mafuta. Aliwafunza kuruta kusoma nota ambazo wengi wetu maofisa tungezishika juu chini bila kutambua. Kama huo si utunzaji wa ghala, basi hatujui ghala ni nini.

Wala jambo hili si geni. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapiga bendi wa jeshi la Uingereza waliweka chini ala zao wakabeba machela za majeruhi. Zamani zaidi, William Herschel, aliyekuwa mpiga zumari katika bendi ya walinzi wa Hannover, aligundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu akamwajiri kuwa mtaalamu wake wa falaki. Majirani zetu wa Tanzania nao, tangu chama cha wafanyakazi NUTA kilipounda bendi yake mwaka 1964, walimpa mwanamuziki mshahara wa kila mwezi kama mfanyakazi mwingine. Lakini hapo alilipwa kwa muziki wake. Sisi tunadai hatua ya pili.

Wapo watakaosema kwamba wanamuziki ni walevi na hawaonekani kazini baada ya harusi. Hatukatai, tumewaona. Ila madereva walevi tumewaona pia, na hakuna kiwanda kilichokataa kuajiri dereva kwa sababu hiyo.

Tunawaomba makamanda, wanapojaza cheti cha mtu wa bendi, waeleze ametunza ala ngapi, amefunza kuruta wangapi, na kama amejifunza huduma ya kwanza. Mistari mitatu haimalizi wino wa kikosi.

Tulipoagana, yule mzee alituambia: "Afande, msiliondoe neno mwanamuziki. Ongezeni tu kwamba nilishika daftari." Barua yake tumeifikisha kikosini. Jibu bado.