Mkulima wa Bariadi Hakukosa Elimu ya Mtama

Kila mvua inapokatika mahindi yakiwa kwenye mbelewele, husikika kauli ileile: wakulima wa Bariadi na Simiyu yote wapewe elimu, waache kung'ang'ania mahindi, walime mtama. Kauli hiyo inamdhalilisha mkulima na kuficha tatizo lilipo. Mtama ni zao la Afrika. Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika. Wasukuma wa Simiyu waliishi kwa mtama na uwele kabla mahindi hayajatawala, na hadi leo hukausha viazi vitamu vikawa michembe ya kuwavusha kiangazi. Watu hawa hawahitaji semina ya kuwaeleza ukame.

Walichofanya ni hesabu. Hindi limefunikwa na maganda yake. Suke la mtama liko wazi kwa ndege, na kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na yapo makubwa zaidi, humaliza tani 10 kabla jua halijatua. Kuuokoa mtama ni kukaa dunguni kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, siku baada ya siku, hadi mavuno. Hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Sasa wako shuleni, wanakostahili kuwa. Mikono iliyobaki inahitajika pia kwenye pamba, ambayo ndiyo fedha ya mkoa huu.

Wapo watakaosema mbegu bora zipo. Ni kweli: Macia ni fupi, hukomaa mapema, na nafaka nyeupe kama yake ndiyo viwanda vya bia vinayoitaka. Lakini haina ule uchungu wa baadhi ya mitama myekundu unaowachukiza ndege. Mkulima anaambiwa apande kinachouzika, kisha anaachwa peke yake na walaji wa kwanza. Ndege za serikali za kupulizia sumu husaidia, ila mwenye ekari 2 hana siku 3 za kuzisubiri.

Historia nayo inakanusha hoja ya ujinga. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, serikali iliinua bei za mtama na muhogo, na wakulima wakaitikia. Aliyekwama ni Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojikuta na mtama ghalani usio na mlaji mijini. Kwa hiyo, afisa anayepeleka mbegu ya mtama Bariadi aende na majibu matatu: nani atanunua, kwa bei gani iliyotajwa kabla ya kupanda, na nani atamlipa anayeamia ndege.