BINTI WA MSASANI NA MCHONGO WA KUUZA MENO: ASISAINI KABLA HAJAJIBIWA HILI

Kuna binti mmoja wa Msasani ambaye watu wa Namanga na Bonde la Mpunga wanamjua kwa sura, ila jina lake halitatajwa hapa. Anauza vipodozi kwenye duka moja la barabarani, ana wafuasi elfu kumi na kitu Instagram, na haipiti siku bila kuposti akiwa anacheka. Meno yake ni ya kuzaliwa nayo, hajawahi kuyafanyia lolote zaidi ya kupiga mswaki. Sasa hayo meno ndiyo yamemletea mchongo. Bwana mmoja kamfuata inboksi, kajitambulisha kwamba kampuni yao inaingiza implanti za meno kutoka nje, na wanatafuta mtu wa mauzo wa kuzungukia kliniki za Masaki, Oysterbay na Mikocheni. Kwa maneno ya huyo bwana, yeye "ana muonekano wa kazi".

Kuanzia hapo kila mtu amekuwa mshauri. Mashoga zake wanasema achukue fasta, vipodozi vitamzeesha. Mjomba wake wa Temeke anasema kazi isiyo na mshahara ni utapeli, full stop. Kuna dada mwingine anayejulikana sana kitaa, aliyekwenda Uturuki akarudi na meno meupe kama sahani, naye kamtumia sauti WhatsApp akimwambia huko kwenye meno ndiko pesa ilipo siku hizi.

Huyo dada wa Uturuki tumuweke pembeni kwanza, maana anachanganya madawa. Meno ya mastaa mengi yale unayoyaona yaking'aa kwenye picha si implanti. Ni maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino, au kofia zinazovishwa juu ya jino lililochongwa likabaki kisiki. Jino lako linakuwa bado lipo kwa ndani. Implanti ni habari ya mtu ambaye jino halipo kabisa. Daktari anatoboa mfupa wa taya, anazamisha skrubu ndogo ya titaniamu, anasubiri miezi kama mitatu hadi sita mfupa uishike, halafu ndipo anafunga kiungio na kuweka jino la bandia juu yake. Mvutaji sigara mzoefu, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anaweza kupata shida kidonda kupona na skrubu isishike. Kwa hiyo si kitu cha kwenda nacho harusini wikiendi ijayo.

Hata nyumbani kwao haikueleweka mara moja. Alipomwambia mama yake kwamba kaitwa kazi ya kuuza vipandikizi, mama aliacha samaki kwenye karai akamgeukia. "Vya uzazi wa mpango? Hivyo si wanatoa bure pale zahanati?" Ikabidi aeleze upya. Mama akasikiliza, akapitisha ulimi pale kwenye pengo lake la chini, akasema, "Mwanangu, hili walining'oa asubuhi, mchana nikarudi kukaanga samaki. Huko kununua skrubu nitakwenda mimi?"

Mama hakukosea. Msasani ni moja kwa jina tu. Barabara moja inatenganisha watu wanaoweza kulipia jino moja bei ya pikipiki kuukuu na watu ambao mvua ikinyesha wanabeba magodoro kichwani. Wateja wa hiyo kampuni wapo upande mmoja, na binti anaishi upande wa pili. Kwa kweli hata wateja wenyewe si hao matajiri. Mteja wa binti ni daktari wa meno, na hapa ndipo washauri wote wanapopotea njia.

Mashoga wanadhani atasimama mlangoni na tabasamu, watu waje wanunue kama wanavyonunua losheni. Kumbe daktari hanunui skrubu. Ananunua mfumo mzima: vifaa vya kutobolea vya saizi yake, bisibisi yake, viungio vyake. Kiungio cha kampuni moja mara nyingi hakiingii kwenye skrubu ya kampuni nyingine. Daktari akishajifunza mfumo mmoja na kulipia boksi lake la vifaa, kumhamisha ni sawa na kumwambia fundi wa Toyota aliyekaa miaka kumi atupe spana zake. Inawezekana, ila si kwa ziara moja na kadi ya biashara.

Nani anabisha aangalie aliyeigundua hii kitu. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa anachunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akaona kifaa chake cha titaniamu kimeng'ang'ania kwenye mfupa hakitoki. Mwaka 1965 akamuwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson. Huyo mzee alikaa na implanti zake zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 2006. Ushahidi gani mwingine unataka? Lakini madaktari wenzake walimbeza miaka na miaka, na ulimwengu ulianza kumkubali baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982. Miaka 17 tangu mgonjwa wa kwanza! Na huyo alikuwa profesa, siyo binti wa kidato cha nne mwenye mkoba wa sampuli.

Sasa turudi kwenye mkataba, maana upo, una kurasa mbili. Unamuita "wakala wa kujitegemea". Hakuna mshahara miezi mitatu ya mwanzo, ila kuna kamisheni ya asilimia 10. Nauli juu yake. Kamisheni inalipwa "baada ya mteja kukamilisha malipo". Halafu kuna kipengele kinasema orodha ya kliniki na namba za madaktari atakazokusanya ni mali ya kampuni.

Usome tena taratibu. Kliniki nyingi zikichukua vifaa huchukua mali kauli, zinalipa mgonjwa akilipa. Mgonjwa wa implanti naye analipa kidogokidogo, maana matibabu yenyewe ni ya miezi. Kwa hiyo binti akiuza leo, hela yake inaweza kuja baada ya nusu mwaka, wakati yeye bajaji ya kwenda Mikocheni anailipa asubuhi hiyo hiyo. Tena asithubutu kubanana kwenye daladala afike kwa daktari kalowa jasho, wakati kaajiriwa kwa muonekano. Miezi mitatu ikiisha bila mauzo, kampuni inamshukuru, inabaki na majina yote ya madaktari, na inamtafuta mrembo mwingine. Yaani kampuni imepima soko la Peninsula kwa nauli ya mtoto wa muuza samaki.

Na hilo neno "wakala" halijawekwa kwa bahati mbaya. Mfanyakazi ana haki zake chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: maelezo ya kazi kwa maandishi, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na NSSF ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara huku mwajiri akitakiwa kubeba angalau nusu. Wakala hana hivyo. Ila sheria nayo haidanganyiki kwa jina tu. Kama mtu anapangiwa saa za kazi, anapangiwa pa kwenda na anamtegemea bosi mmoja kwa kipato, anaweza kuhesabika kuwa mfanyakazi hata karatasi ikimuita malaika. Tatizo ni kwamba mpaka afike kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulidai hilo, mdogo wake aliyeko kidato cha nne atakuwa ameshakosa nauli ya shule mara ngapi? Maana nauli hiyo anaitoa yeye.

Hadi hapa mjomba wa Temeke anaweza kujiona kashinda. Hajashinda. Huko dukani anakosema binti akae, analipwa laki mbili na nusu na chakula cha mchana. Mkataba wa maandishi hana, NSSF hana, na mwaka jana alipougua wiki moja alikatwa. Bosi wake akiamka vibaya kesho anamwambia usije. Huo usalama anaoambiwa asiuache ni mazoea tu. Isitoshe kazi ya kuuza vifaa vya tiba ni kazi ya maana, ina shule ndani yake. Mtu akiishika vizuri miaka miwili anaijua mifupa, anajua bei, anajua kuongea na madaktari bila kutetemeka, na kampuni za maabara na dawa zitamtafuta zenyewe. Kwa mtu aliyeishia kidato cha nne milango ya namna hiyo haifunguki kila siku. Wanaomcheka eti "anaenda kuuza magego" wamtajie wao wanauza nini.

Kwa hiyo suala si duka au meno. Binti mwenyewe, tofauti na washauri wake, alifanya kitu cha akili sana. Kabla ya kusaini alikwenda kwenye kliniki moja, akaomba dakika tano za daktari mtu mzima aliyekuwa amemaliza wagonjwa, akamuonyesha kipeperushi cha kampuni. Daktari hakuuliza bei kwanza. Aliuliza kama vifaa hivyo vimesajiliwa TMDA. Binti hakujua. (TMDA ndiyo ile iliyokuwa TFDA mpaka mwaka 2019, nayo inasimamia vifaa tiba pia, siyo vidonge peke yake.) Halafu daktari akamuuliza la pili: "Mwanangu, nikimfungia mgonjwa skrubu yenu leo, mwaka wa tano kiungio kikilegea au kikivunjika, nitakupata wapi?"

Hilo swali ndilo kazi yenyewe. Skrubu ikishashikwa na mfupa haitolewi kama hereni. Kampuni ikifunga ofisi, ikabadilisha jina au ikahamia kuuza betri za sola, mgonjwa anabaki na chuma kizima kwenye taya ambacho spea yake haipatikani Dar yote. Atarudi kwa daktari. Daktari atamkumbuka nani? Hatamkumbuka bwana wa inboksi, atamkumbuka yule dada mwenye tabasamu aliyekuja na mkoba. Na madaktari wa meno nchini si wengi kiasi hicho, wengi wao wamepita Muhimbili na wanajuana kwa majina. Sifa mbaya ikitokea Masaki, jioni imeshafika Upanga.

Ndiyo maana wanaomwambia "muonekano ni mtaji" wanamdanganya bila kujua. Muonekano utamfungulia mlango wa mapokezi, basi. Kinachomfanya daktari aweke oda ya pili ni kujua kwamba simu itapokelewa. Kama kampuni haiwezi kumpa binti jibu la mwaka wa tano, inamtuma akakope uaminifu kwa sura yake, na deni litakuja kwake.

Alirudi nyumbani akaandika ujumbe mmoja mrefu kwa yule bwana. Aliomba namba za usajili. Aliomba mshahara wa kuanzia usiopungua ule wa dukani kwa miezi sita, na nauli irudishwe kwa risiti. Aliomba mafunzo kabla ya kupelekwa kwa daktari yeyote. Mwisho akauliza nani anatunza spea hapa nchini na kwa muda gani, akataka iandikwe kwenye mkataba.

Jibu lilikuja usiku. Namba za usajili "zinafuatiliwa". Mshahara wamekubali laki na nusu kwa miezi mitatu. Nauli wamekubali. Mafunzo yapo, kwa video. La spea: "Dada, hilo tutaongea ukishaanza. Nafasi hii wanaitaka wengi."

Yaani kila kilichogusa hela ndogo wamekisogeza, na lile linalogusa taya za watu wameliahirisha. Laki na nusu inaweza kujadiliwa, hata mtu akaamua kujibana miezi mitatu kwa ajili ya kujifunza. Lakini kifaa ambacho usajili wake "unafuatiliwa" hakitakiwi kutoka kwenye mkoba wa mtu yeyote, na hapo binti asisaini hata wakimuongezea laki nyingine juu. Akisubiri wakamletea namba na barua ya spea, achukue hiyo kazi, aage dukani kwa heshima na akanunue viatu vya kutembelea. Wasipoleta, kuna waagizaji wengine wa vifaa vya meno hapa hapa mjini, na yeye tayari anajua maswali ya kuwauliza, hata wao wakikuta anauza losheni.

Kampuni imempa mpaka Jumatatu. Mkataba uko kwenye mkoba wake, chini ya daftari la stoo ya duka. Wadau mliowahi kuzungusha vifaa vya hospitali mnaweza kumsaidia kwa jambo moja ambalo hakuna mshauri wake aliyemjibu: kliniki iliyochukua mali kauli ikikataa kulipa, kwenu ilikuwa hasara ya kampuni, au walikata kwenye kamisheni yako?